Siku Niliyomlaza Sista Nora Kaburini

Wamama wenzangu wa Boito, na wewe Mwalimu Sang uliyesema niandike kwa sababu nikisimulia kwa mdomo naruka mambo: mara tatu mmenisimamisha baada ya ibada mkitaka habari za safari, na mara tatu nimesema nilienda salama nikarudi salama, nikakaa chini. Hiyo haikuwa habari yote. Sasa nimekaa, mvua imenizuia kwenda shambani, na nitaandika yote ila mambo ya pasipoti na tikiti. Hayo hayana ladha.

Kwa wale walioolewa hapa juzi, Sista Nora alikuwa nesi wa dispensari yetu miaka kumi na tisa. Hakuwa mtawa. Tulimwita Sista kama tunavyowaita manesi wote. Mimi nilianza kwake kama mfagiaji, akanifundisha kupima watoto, mwisho akaniacha nizalishe wamama yeye akiwa amelala. Aliporudi kwao Ayalandi aliniandikia kila Krismasi. Mwaka wa tisini na sita akaandika barua fupi: njoo kabla magoti yangu hayajakataa kabisa, nataka tupande pamoja mlima wa kwetu. Akatuma tikiti.

Boito hadi Kericho

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na hakuna gari lililokubali kufika kwetu. Mume wangu, Baba Chelangat, akaongea na dereva wa lori la majani chai, nikapewa kiti cha mbele, begi langu likafungwa juu ya magunia. Kabla ya Mogogosiek, kwenye ule mteremko mnaoujua, lori likaanza kwenda kando kama ng'ombe anayekataa kuingia dipu ya dawa. Upande wangu nikaona mtaro, na chini ya mtaro nikaona vichwa vya michai. Dereva akaniambia bila kunitazama, "Mama, fungua mlango polepole, uruke."

Niliruka na viatu vipya. Tukakaa pale karibu masaa mawili. Wachumaji wa shamba la jirani wakaja kusukuma, na mwanamke mmoja wa Kisii akanitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Unaenda wapi na viatu hivyo?"

"Ulaya."

Hakucheka. Alitoa karatasi mbili za nailoni kiunoni, zile wanazojifunga wasilowe na umande, akapiga magoti kwenye tope akanifunga miguu yote miwili. "Ukifika lami, zitupe," akasema. Sikujua jina lake. Nilimwombea mpaka Kericho, maana nilikuwa na hofu na sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nilijiambia kama hofu ni hii na bado sijatoka Konoin kwetu, huko mbele itakuwaje.

Angani

Ndege ilipoanza kukimbia nilishika mkono wa mzee wa Kihindi aliyekaa karibu nami, mtu nisiyemjua kabisa. Aliniacha nimshike. Tulipokuwa juu nilimwomba msamaha, akasema mkewe hufanya hivyo hivyo kila mwaka na hajazoea.

Chakula kililetwa kwenye visanduku. Kulikuwa na kimoja kidogo cha njano, nikadhani ni kitu kitamu, nikakila chote kwa kijiko. Ilikuwa siagi. Yule mzee aligeuka dirishani kwa heshima. Sikulala hata kidogo. Kila bawa lilipotikisika nilihesabu watoto wangu mmoja mmoja kwa majina, nikimaliza narudia.

Dada gani

Kwenye uwanja wa ndege wa kwao, mkaguzi kijana mwenye nywele nyekundu aliniuliza namtembelea nani. Nikasema, "Sister Nora."

"Ni dada yako?"

"Ndiyo, ni Sista."

Akanitazama, akatazama picha ya Nora niliyompa. "Wa mama mmoja?"

Nikaona mahali nimekosea. Nikasema hapana, ni Sista wa dispensari. Akasema, kumbe ni mtawa, yuko konventi gani? Nikasema si mtawa. Akasema, kwa hiyo si dada na si mtawa. Akasema nisubiri kando. Nilikaa kwenye benchi nikiwa na hakika nitarudishwa, na nikawa nawaza nitakavyoshuka Kericho bila kufika popote. Jasho lilinitoka na mahali penyewe palikuwa baridi. Kumbe walikuwa wanamtafuta Nora upande wa wanaopokea wageni. Baada ya muda mrefu akaletwa. Alikuwa amekuwa mdogo. Nywele zimekuwa nyeupe pe, na anatembea na fimbo. Akasimama mbele ya yule kijana akanisalimia kwa Kiswahili chake cha dispensari, kwa sauti kubwa, "Rebeka. Pumua. Pumua tena."

Nikapumua.

Nyumba ya magharibi

Tuliendesha kigari chake siku nzima kwenda upande wa jua kutua. Nyumba ya Nora ilikuwa peke yake mwisho wa barabara, bahari haionekani lakini inasikika. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kuku sita, na jirani wa karibu, familia ya Geraghty, alikuwa mbali kama kutoka kwetu hadi kiwanda cha chai.

Chakula chao ni viazi. Asubuhi uji wa shayiri, mchana viazi na kabeji na nyama ya nguruwe, jioni mkate. Mkiniuliza nilikula nini, nilikula viazi. Lakini chai yao, wamama, ni nzito, na maziwa yanatiwa mengi. Siku ya kwanza nilipoonja, nilionja tena. Nora akasema, "Unaweza kuwa uliichuma wewe." Nikalia kidogo, nikamwambia ni moshi.

Moshi ulikuwepo kweli. Hawachomi kuni. Wanachimba udongo mweusi uliojaa maji, wanaukata kama matofali, wanaupanga vichuguu vichuguu nje ukauke, halafu wanauwasha. Niliogopa mara ya kwanza kuona udongo unawaka.

Siku ya nne mvua ikakatika. Nora akasema, "Kesho tunaenda kwenye Kitanda."

Nikauliza kitanda cha nani. Akanieleza kwamba juu ya mlima kuna kaburi la mawe. Lilijengwa na watu waliokuwepo kabla ya Kristo, kabla ya chuma, hakuna anayejua hata lugha yao. Watu wa pale huliita Kitanda kwa sababu ya umbo lake. Yeye na ndugu zake walipelekwa huko na baba yao kila kiangazi, na ndugu wote wamekwisha kufa. Alitaka kwenda mara ya mwisho, na alitaka aende na mimi.

Sasa nyinyi mnanijua. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini nililelewa na bibi yangu, na bibi alikuwa mtu wa zamani. Alituambia zamani kwetu maiti hakuchimbiwa kaburi, alipelekwa kichakani upande wa magharibi, na waliompeleka walirudi bila kuangalia nyuma, wakaoga, wakanyoa nywele. Jina lake halikuitwa ovyo. Hakuna mtu aliyeenda kumtembelea. Usiku ule nilimuuliza Nora, "Aliyelala humo anaitwa nani?"

"Hakuna ajuaye."

"Basi tunaenda kumwamsha mtu tusiyemjua jina?"

Alicheka mpaka akakohoa. Sikutaka kwenda. Lakini mtu amekutumia tikiti, amekaa na wewe miaka kumi na tisa, na anakuomba kitu kimoja. Kulipokucha nilifunga leso yangu, nikavaa gambuti zake kuukuu, nikachukua kikapu.

Kupanda

Asubuhi ilikuwa na jua. Tuliacha gari mwisho wa barabara ya mawe tukapanda polepole, Nora na fimbo yake, mimi na kikapu cha mkate, mayai na chupa ya chai. Hakuna miti. Kuna nyasi, na chini ya nyasi kuna maji. Ukikanyaga, ardhi inatikisika mbele yako hatua tatu, kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nilimuuliza Nora chini kuna nini. Akasema, "Maji na udongo tu. Usikanyage palipo kijani sana."

Tulifika saa sita na zaidi. Nilitegemea kitu kikubwa. Kilikuwa kifupi. Safu mbili za mawe yaliyosimamishwa, na juu yake jiwe moja pana limelazwa kama paa la banda la ndama. Mbele pameachwa mlango, mtu mzima hawezi kuingia ila kwa kutambaa. Ndani giza. Nikatazama jua lilipo, nikajua kwamba mlango ule unatazama magharibi. Watu hawa walikuwa mbali na sisi nchi ngapi, na bado walijua mtu aliyekufa anaelekezwa wapi.

Nora aliketi juu ya jiwe akamenya yai. Mimi nilienda hatua kama ishirini, nikala nimesimama, nimegeuza mgongo. Sikuweza kula mbele ya mlango wa mtu bila kumkaribisha, na sikutaka kumkaribisha.

Nikiwa pale niliona bonde likipotea. Ukungu wa huko hauji kama wetu wa asubuhi juu ya michai, unaojua utaondoka saa tatu. Ule ulipanda kutoka baharini kama mtu anayevuta blanketi. Nikamwambia Nora twende. Akasema ndiyo, lakini kwanza nije nione vibakuli, mashimo madogo ya mviringo yaliyochongwa juu ya lile jiwe la paa, baba yake aliwahi kuwanywesha yeye na ndugu zake maji ya mvua humo. Akaweka mguu mmoja kwenye jiwe la pembeni ili anionyeshe kwa fimbo.

Sikuona alivyoanguka. Nilisikia fimbo ikigonga jiwe, halafu sauti kama kuni mbichi inayovunjwa.

Alikuwa chini upande wa pili, mguu wa kushoto umegeuka nje vibaya. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu lakini sauti ilikuwa ileile ya kazini. "Usiniguse kwanza. Ni nyonga. Imevunjika. Tazama saa."

"Saa nane kasoro."

"Sawa."

Halafu mvua ikaanza, nyembamba, ya kulala ubavu. Nilimfunika na leso, ikalowa papo hapo. Nilimfunika na koti langu. Meno yake yakaanza kugongana. Nikamwambia nitambeba mgongoni, nimewahi kubeba magunia mazito kuliko yeye. Nilipomgusa tu akapiga kelele, na mimi sikuwa nimewahi kumsikia Nora akipiga kelele.

Akasema, "Rebeka. Niweke ndani."

"Ndani wapi?"

Alitazama ule mlango.

Nikasema, "Sista, humo si mahali pa mtu aliye hai."

"Nikikaa hapa na mvua hii, saa kumi haitanikuta hai. Ndani ni pakavu. Niweke, kisha ushuke ukalete watu."

Nilikataa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikataa mara mbili. Nilizunguka yale mawe nikitafuta mahali pengine, mwamba, kichaka, shimo la kondoo, na hapakuwa na kitu, kila upande ukungu. Niliporudi midomo yake ilikuwa imeanza kuwa bluu, rangi ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuiogopa kwa mtoto mchanga.

Ili umvute mtu ndani ya mahali kama pale, lazima wewe utangulie, na lazima uingie kinyumenyume. Nilipiga magoti, nikamshika chini ya makwapa, nikaanza kuingia na mgongo. Sikuweza kuona ninakokwenda. Jiwe la juu lilinikwaruza kichwa. Harufu ilikuwa ya udongo na sufu iliyolowa. Kila nilipovuta alilia, na kila alipolia nilivuta tena. Halafu mgongo wangu ukagusa kitu kigumu, na sweta yangu ikashikwa. Nilijua ni jiwe. Akili ilijua. Mwili ulisema ni mkono. Nikasimamisha pumzi nikasali kwa Kipsigis, si maombi ya kanisani, maneno tu: hatujaja kuchukua kitu, huyu ni mgonjwa, tusamehe. Nikavuta sweta, uzi ukakatika.

Nilimlaza kwenye udongo mkavu, nikamzungushia koti. Ili nitoke ilibidi nitambae juu yake.

"Fuata kijito," akaniambia. "Kijito kinaenda barabarani. Mimi siogopi kubaki."

Peke yangu

Nilitoka mbio.

Kijito nilikipata, na kwa muda nilifurahi, maana kwetu ukifuata maji utafika darajani au kwenye dipu, utakuta watu. Lakini maji ya huko yana tabia nyingine. Kijito kilienda kidogo kikaingia chini ya ardhi. Nilikisikia kikipiga gumzo chini ya miguu yangu na sikukiona. Nikasimama. Nyuma mawe hayaonekani, mbele hakuna kitu. Ningeweza kunyoosha mkono nisione vidole.

Nilienda palipoteremka. Hatua ya nne au ya tano mguu wa kulia ukazama mpaka pajani. Baridi yake ilinitoa akili. Nilivuta, ukazama zaidi. Nilikumbuka ndama wetu alivyokufa kwenye kinamasi kwa kupigana, nikajilazimisha kulala kifudifudi, nikanyoosha mikono, nikashika vichaka vifupi vya pale, nikajivuta kama nyoka. Mguu ukatoka. Gambuti ikabaki.

Nikiwa nimelala pale vitu vilitokea kwenye ukungu, vimesimama, vinanitazama, na migongo yao ina damu. Nilifumba macho. Nilipofumbua kimoja kikakohoa. Walikuwa kondoo. Huko huwapaka rangi nyekundu ili kila mtu ajue wake. Ningecheka kama ningekuwa na mmoja wenu kando yangu. Nililia, halafu nikawafuata, maana kondoo aliyepakwa rangi ana mwenyewe.

Waliniongoza mpaka kwenye vichuguu vya udongo wa kuchoma. Kwenye ukungu vilionekana kama watu wafupi wameketi mkutanoni, na nilipita katikati yao nikiinamisha kichwa, nikawasalimu. Mbele yake kulikuwa na njia ya trekta. Nikaifuata, mguu mmoja na gambuti, mmoja na soksi, mpaka nikasikia mbwa.

Kitanda kipi

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mnene mwenye aproni. Ni Mama Geraghty, lakini sikuwa nimekutana naye. Fikirini alichokiona. Mwanamke mweusi, tope kutoka nywele hadi miguu, kiatu kimoja, mvua nyuma yake. Alirudi hatua moja, na mimi pia nikarudi hatua moja. Kiingereza changu, ambacho mnajua si kibaya, kilikimbia. Na Kiingereza chake kilikuwa kinapanda na kushuka kama wimbo.

"Nora ameanguka," nikasema. "Yuko kwenye Kitanda."

"Ameanguka kutoka kitandani?"

"Hapana. Yuko ndani ya Kitanda."

Uso wake ukatulia. "Basi afadhali. Mwache apumzike, nitapita kumwona kesho."

Na alikuwa anaanza kunikaribisha nikaushe nguo. Nikatikisa kichwa. Nikatafuta neno lingine, nikasema, "Kaburi. Nora yuko kaburini."

Akashika kifua, akafanya ishara ya msalaba. "Nora amekufa?"

"Hapana. Yuko hai. Ndani ya kaburi. Hai." Nikaonyesha mlima, na hapakuwa na mlima wa kuonyesha, ni ukungu. Nikachuchumaa pale mlangoni, kwa tope la mkono wangu nikamchorea kwenye sakafu yake safi mistari miwili na jiwe juu. Alitazama mchoro ule. Alipoinua kichwa alikuwa mtu mwingine. Alikwenda kwenye simu akaongea maneno machache, na kabla sijamaliza chai aliyoniwekea mkononi uani kulikuwa na mume wake, kaka wa mumewe, majirani wawili, na trekta. Waling'oa mlango wa zizi ili uwe machela.

Nilidhani kazi yangu imekwisha. Nilikuwa nimekaa karibu na moto, mguu kwenye beseni la maji moto. Bwana Geraghty, mtu mrefu wa maneno machache, akainama akaniuliza, "Kitanda kipi?"

Sikuelewa.

"Viko viwili. Cha chini na cha juu. Kwenye ukungu huu kutoka kimoja hadi kingine ni saa nzima."

Nikamwambia kile chenye vibakuli juu ya jiwe. Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Walizaliwa chini ya mlima ule na hawakuwahi kuangalia juu ya mawe yake. Akasema, "Basi itabidi uje."

Wamama, nilitazama ule moto. Nawaambia ukweli, nilikuwa tayari kusema mguu unauma. Mama Geraghty alikuwa tayari amepiga magoti ananivalisha soksi za mumewe.

Trekta ilitufikisha mwisho wa vichuguu. Kutoka pale tulipanda kwa miguu, tukifuata kamba iliyofungwa kiunoni mwa Bwana Geraghty. Kitanda cha kwanza jiwe lake la juu lilikuwa limeanguka. Nilijua si chenyewe, lakini niliinama nikatia mkono ndani nikapapasa, kwa sababu hofu haisikii hoja. Ndani kulikuwa na maji tu.

Cha pili tulikifikia mwanga umepungua. Bwana Geraghty aliita jina la Nora mara tatu. Hakuna jibu. Nilimtazama, nikingoja aingie. Alivua kofia yake, akasimama nayo kifuani, na majirani nao wakasimama. Nikaona kwamba hawasogei.

Akasema polepole, bila aibu, "Baba yetu alitukataza kuingia humo. Na baba yake alimkataza."

Kumbe na wao. Nilikuwa nimedhani ni mimi tu na bibi yangu. Sijui kama hilo lilinipa nguvu au lilizidisha hofu. Nilichukua tochi nikatambaa.

Nora alikuwa amefumba macho. Nilimgusa shavu, lilikuwa baridi kama jiwe lililokuwa kando yake. Nilifungua mdomo nimwite. Sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa ile yake ya dispensari, ya kila asubuhi kwa foleni ya wagonjwa. "Fungua macho. Tazama huku. Inauma wapi?"

Muda ukapita. Midomo ikasogea.

"Kila mahali," akasema kwa Kiswahili. "Mjinga wewe."

Hospitali

Alipasuliwa kesho yake. Daktari alisema bila paa lile asingefika jioni. Nilikaa kwa akina Geraghty wiki mbili zaidi, nikikamua ng'ombe wao na mama yule kila asubuhi, maana ng'ombe hana lugha.

Siku ya tatu Nora aliweza kuzungumza. Aliniambia kwamba mle ndani alikuwa akiongea peke yake asilale, na aliongea Kiswahili tu.

"Kwa nini Kiswahili?"

"Nilifikiri, kama kuna mtu mwingine humo, asielewe ninavyolalamika."

Alijaribu kucheka, nyonga ikamkataza. Mimi nilikuwa na neno langu na lilikuwa limenikaa kama mfupa. Nikamwambia, "Sista, nilipokuacha nilikimbia. Si kwa ajili yako. Nilikimbia kutoka pale. Nilifurahi kutoka."

Akatazama dirisha. "Na mimi nilikuambia siogopi kubaki," akasema. "Ulipopotea kwenye ukungu nilikuita. Nilikuita urudi. Mungu akasaidia hukusikia."

Tulikaa hivyo, hakuna aliyemshika mwenzake mkono, mpaka nesi akaleta viazi.

Nyumbani

Njia ya kurudi sina la kuisema. Nililala tangu ndege ilipoondoka. Baba Chelangat alinipokea Kericho, akanitazama akasema nimekonda, nikamwambia tutaongea baadaye.

Mtu wa kwanza kumwambia yote alikuwa mama mkwe wangu, Gogo wa watoto, yaani bibi yao. Mnamjua, hatoki tena nje, anakaa jikoni karibu na moto na masikio yake bado ni mazuri. Nilimwambia siku ya pili, tukiwa wawili. Niliogopa atasema nini. Mimi ndiye ninayempikia, na nilikuwa nimetambaa ndani ya kaburi mara mbili, nimeshika udongo wake. Nilikuwa tayari aniambie nisimguse.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo mama alikaa humo peke yake muda gani?"

"Kama masaa manne."

"Na alikuwa mkavu?"

"Mkavu, Gogo. Koti tu ndilo lilikuwa limelowa."

Akasogeza kuni. "Basi wenyeji wa humo walikaa naye vizuri," akasema. "Mgonjwa, mgeni, ameletwa bila hodi, na wamempa mahali pa kulala mpaka watu wake wakaja." Akanigeukia. "Mlipomtoa, uliwaaga?"

Nikakumbuka ule mlango wa zizi, kamba, wanaume wakipokezana, mimi nikishika tochi, kila mtu akitaka kuondoka kabla giza halijaingia. Nikamwambia hapana, tulitoka kwa haraka.

Hakunigombeza. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyesikia kwamba mke wa mwanawe ametoka nyumba ya watu bila kuaga, akavuta kikombe changu akaniongezea chai.